Maswali ya Wasomaji: Marekani na Matajiri Wenzake

Mwezi uliopita nilisimulia habari ya mfanyakazi mwenzangu wa zamani kule Minneapolis, mama mwenye kisukari aliyekuwa akijidunga nusu dozi ya insulini ili chupa moja imfikishe mwisho wa mwezi. Mmeandika wengi. Wapo waliosikitika, na wapo walioniambia waziwazi kwamba natunga. Kwa wasionijua: nilifanya kazi ya nesi msaidizi katika nyumba ya kutunza wazee Minneapolis, jimbo la Minnesota, kuanzia 2005 hadi 2016. Kisha nikahamia Nürnberg, Ujerumani, na kazi yangu ni ileile, kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza vitandani watu wasioweza kujigeuza. Nchi hizo mbili nimeziishi. Nyingine ninazisoma tu, na ninazisoma kwa sababu jambo hili limenikaa moyoni.

*

*Shikamoo mama. Mwalimu wetu alisoma safu yako darasani na nusu ya darasa ikakataa. Nchi yenye pesa kiasi kile, mtu apunguze dawa kwa kukosa hela? Na hata kama yupo, si ni mmoja mmoja tu?*
*Mwanafunzi wa kidato cha sita*

Marahaba mwanangu. Darasa lenu halina kosa. Mimi mwenyewe ningekataa kama nisingemwona kwa macho yangu, chooni pale kazini, akiinua sindano kwenye taa na kurudisha kidogo.

Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Mwaka 1923 wagunduzi wake waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, kwa dola moja kila mtu, wakitaka dawa isije ikawa mali ya mtu mmoja. Wakati rafiki yangu anapima nusu dozi, chupa moja ya insulini ya kisasa dukani Marekani ilikuwa imepita dola 200, na wagonjwa wengi huhitaji zaidi ya moja kwa mwezi. Ng'ambo ya mpaka, Kanada, chupa ileile ilikuwa ikiuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Mwaka 2019 makundi ya Wamarekani yalipanda mabasi na magari, wengine kutoka Minnesota, wakaenda hadi London ya Ontario, mji ambao daktari Frederick Banting alipata wazo lake la kwanza kuhusu insulini, wakanunua dawa huko na kurudi nayo nyumbani.

Umeuliza kama ni mmoja mmoja. Mwaka 2023 Wamarekani wapatao milioni 26 hawakuwa na bima ya afya ya aina yoyote. Lakini nisikilize vizuri hapa: rafiki yangu hakuwa mmoja wao. Alikuwa na bima, tena bima ya kazini kama yangu. Bima zile zina kiwango ambacho lazima ukimalize mfukoni mwako kwanza, kila mwaka, ndipo kampuni ianze kulipa. Changu kilikuwa dola 4,000. Yaani kila Januari unaanza upya ukiwa kama mtu asiye na bima, huku makato yanaendelea kwenye mshahara.

Mwanangu alivunjika mkono mwaka 2014, akiwa na miaka sita. Aliteleza kwenye barafu. Hospitali walimhudumia vizuri mno, na nesi aliyemfunga plasta alimchorea samaki juu yake. Sheria ya mwaka 1986 inalazimisha chumba cha dharura kumpokea mtu kabla ya kuulizia pesa, kwa hiyo siku ile sikulipa kitu. Bahasha zilianza kuja baada ya wiki tatu. Ya kwanza ilitoka hospitalini. Ya pili ilitoka kwa daktari, kwa kuwa daktari hakuwa mwajiriwa wa hospitali. Ya tatu ilitoka kwa mtu aliyesoma picha ya eksirei, ambaye sikupata kumwona. Jumla dola 3,900. Nililipa dola 110 kila mwezi kwa karibu miaka mitatu, na miezi ya mwisho nilikuwa nikituma kutoka Ujerumani.

Huku Nürnberg nimewahi kupasuliwa kutolewa mawe ya nyongo. Nililala hospitalini siku tano, nikalipa euro 50, kwa sababu sheria inamtaka mgonjwa achangie euro 10 kwa siku, mwisho siku 28 kwa mwaka. Basi. Wala si bure, msije mkadhani ni bure. Kila mwezi kati ya asilimia 8 na 9 ya mshahara wangu inakatwa kwa ajili ya mfuko wa bima ya afya na mwajiri wangu anaweka kiasi kama hicho. Hiyo pesa sijawahi kuililia.

Mbona nchi moja ikaenda huku na nyingine kule? Ujerumani ilianzisha bima ya wagonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, enzi za Kansela Bismarck, ambaye hakuwa mpole, aliwaogopa wasoshalisti. Uingereza ilifungua NHS, huduma ya afya ya taifa kwa wote, Julai 1948, nchi ikiwa bado magofu ya vita. Japani ilimfikia kila raia mwaka 1961. Marekani, kwa upande wake, serikali ilibana upandishaji wa mishahara mwaka 1942 kwa sababu ya vita. Waajiri wakawa hawawezi kuvuta wafanyakazi kwa pesa, wakawavuta kwa bima ya afya. Baadaye sheria ya kodi ikaisamehe bima hiyo kodi, na ukawa ndio mtindo: afya yako imefungwa kwenye kazi yako. Wazee walipata bima ya serikali ya Medicare na maskini wakapata ya Medicaid mwaka 1965, na sheria ya Rais Obama ya mwaka 2010 ikawaingiza mamilioni wengine. Lakini fundo lenyewe halijafunguliwa. Ukiugua sana unashindwa kufanya kazi, na ukipoteza kazi unapoteza bima, wakati uleule unapoihitaji.

Chukua na hesabu hii upeleke darasani. Mwaka 2023 Marekani ilitumia asilimia 17.6 ya pato lake lote kwenye afya. Ujerumani hutumia kama asilimia 12. Mtoto aliyezaliwa Marekani mwaka huo alitarajiwa kuishi miaka 78.4, wa Japani kama miaka 84. Pesa inatoka, tena nyingi kuliko ya mtu yeyote.

Kuhusu insulini, kuna yaliyorekebishwa. Minneapolis alifariki kijana wa miaka 26 mwaka 2017, wiki chache baada ya kutolewa kwenye bima ya mama yake kwa sababu ya umri. Mama huyo hakunyamaza. Mwaka 2020 Minnesota ilipitisha sheria ya insulini ya dharura yenye jina la mwanawe, na tangu 2023 wazee walio kwenye Medicare hawalipi zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa kila aina ya insulini.

*

*Dada, habari za kazi. Kijana wangu wa kwanza amepata nafasi ya chuo Texas. Mama yake halali, kila siku anaona habari za risasi. Je, tumzuie? Na kwa nini wenzao matajiri hawauani hivi?*
*Baba wa watoto wanne*

Kaka yangu, nimeisoma barua yako mara tatu kabla ya kushika kalamu, maana mimi nimelea mtoto kule. Aliporudi shuleni siku moja akiwa darasa la kwanza akaniambia wamejifunza kukaa kimya gizani chini ya meza ili mtu mbaya asiwasikie. Alinionyesha. Alikunja magoti pale jikoni na kuziba mdomo kwa mkono.

Nianze na ukweli wa namba. Mwaka 2022 watu 48,204 walikufa kwa bunduki Marekani. Zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Hili watu hawaliangalii kwa sababu halioneshwi kwenye runinga. Mauaji ya shuleni yanayomkosesha mama watoto usingizi ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo, ingawa ndiyo inayouma kuliko zote.

Kwa nini wenzao si hivyo? Si kwamba Wamarekani wana hasira kuliko Waingereza. Ngumi za baa zipo London, wizi upo Paris, vijana wenye upweke na mawazo mabaya wapo Osaka, na michezo ya kompyuta ya kupigana risasi inachezwa kote. Tofauti ni chombo kilicho karibu na mkono. Makadirio ya mwaka 2018 yalionyesha bunduki za raia milioni 393 Marekani, nyingi kuliko watu wenyewe. Ugomvi wa walevi ambao Nürnberg unaishia kwa pua kuvuja damu, kule unaweza kuishia makaburini. Na mtu aliyekata tamaa usiku mmoja, kama chombo hakipo, mara nyingi asubuhi inamkuta hai.

Nchi nyingine nazo zimeonja. Aprili 1996 mtu mmoja aliua watu 35 Port Arthur, Australia. Serikali ya huko, tena ya chama cha mrengo wa kulia, ilibadilisha sheria ndani ya miezi michache na kununua kutoka kwa raia bunduki zipatazo 650,000, zikayeyushwa. Mwezi mmoja kabla, Dunblane, Scotland, waliuawa watoto 16 na mwalimu wao. Uingereza ikapiga marufuku bastola mwaka uliofuata. Huku Ujerumani, mwanafunzi aliyefukuzwa shule aliua watu 16 Erfurt mwaka 2002. Sheria ikabadilishwa, na leo mtu wa chini ya miaka 25 anayetaka bunduki kwa kawaida sharti kwanza apimwe akili. New Zealand, Machi 2019, Waislamu 51 waliuawa misikitini Christchurch, na kabla ya mwezi mmoja kupita bunge likawa limepiga marufuku bunduki nyingi za aina iliyotumika pale.

Marekani waliuawa watoto 20 na watu wazima sita katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012. Watoto wa miaka sita na saba. Nilikuwa zamu ya usiku, wazee wetu walikaa mbele ya runinga wakilia, hata mzee mmoja mkulima aliyekuwa na bunduki za kuwindia tangu ujana wake. Aliniambia, "Sasa watafanya kitu." Bunge la Washington halikupitisha sheria. Ilibidi tufike Uvalde, hukohuko Texas, Mei 2022, watoto 19 na walimu wawili, ndipo ikapita sheria ya shirikisho ya maana, ya kwanza kwa karibu miaka 30, nayo ni ya kiasi. Katiba yao ina kifungu cha mwaka 1791 kuhusu haki ya kubeba silaha, na Mahakama Kuu mwaka 2008 ikasema haki hiyo ni ya mtu binafsi. Mzee wangu yule alifariki 2015.

Sasa kijana wako. Mimi nisingemzuia. Mamia kwa maelfu ya wanafunzi wa kigeni wanasoma kule na kumaliza salama. Lakini mwambie haya kabla hajapanda ndege. Texas mwenye kibali anaruhusiwa kuingia na bastola iliyofichwa kwenye majengo ya vyuo vya umma tangu Agosti 2016; ajue hivyo, asishangae. Akitafuta nyumba ya kuchangia, aulize bila aibu kama kuna bunduki ndani na inafungiwa wapi. Asibishane na mtu barabarani, hata kama haki ni yake. Polisi wakimsimamisha, mikono yote kwenye usukani, asitafute karatasi mpaka aambiwe. Na wewe baba, mpigie simu mwezi wa Novemba na Desemba, siku zinapokuwa fupi na wenzake wamekwenda makwao. Usiishie kumuuliza maksi. Muulize amekula na nani.

*

*Mama nesi, naona video za Philadelphia, watu wamesimama wamepinda kama mazombi. Hivi serikali imeshindwa? Kwetu wanasema ni laana.*
*Msomaji wa siku nyingi*

Tusiwaite mazombi, ndugu yangu. Nimewaogesha watu wa aina hiyo. Wana majina na wana mama zao.

Mtaa ule ni Kensington, na kinachowapinda ni fentanili, dawa kali ya maumivu inayotengenezwa kwa kemikali, ambayo kwa miaka kadhaa mara nyingi ilichanganywa na dawa ya kuwalaza wanyama iliyoacha vidonda vibaya mwilini. Lakini haikuanzia mtaani, ilianzia kwa daktari. Kuanzia mwaka 1996 vidonge vikali vya maumivu viliuzwa kwa nguvu kubwa ya matangazo, madaktari wakiambiwa hatari ya uraibu ni ndogo. Kampuni ya Purdue, iliyokuwa ikiviuza, ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007, na tena mwaka 2020. Wachimba makaa wa West Virginia waliotafuta nafuu ya mgongo wakajikuta hawawezi kuacha. Vidonge vilipobanwa wakahamia heroini, kisha fentanili ikaja, ya bei nafuu na kali mara nyingi zaidi. Mwaka 2022 walikufa watu kama 108,000 kwa kuzidisha dozi. Mwaka 2024 walikuwa kama 80,000. Wamepungua, na dawa ya puani ya kumzindua aliyezidisha dozi imesaidia, lakini 80,000 bado ni uwanja mkubwa wa mpira uliojaa hadi ngazini.

Kuhusu laana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Zürich, moja ya miji tajiri kuliko yote Ulaya, ilikuwa na bustani ya Platzspitz nyuma ya makumbusho ya taifa, ambako mamia ya watu walijidunga heroini mchana kweupe huku treni zikipita. Simu za kupiga video zingekuwepo wakati ule mngeona yaleyale. Waswisi walifunga bustani mwaka 1992, na kufunga peke yake hakukusaidia, watu walihamia stesheni ya jirani. Kilichosaidia kilianza 1994: waraibu sugu wakawa wanapewa heroini safi kliniki, mbele ya nesi, pamoja na mahali pa kulala na mtu wa kuwasimamia. Wananchi wenyewe waliipitisha kwa kura mwaka 2008. Ureno, tangu 2001, anayekamatwa na dozi yake mwenyewe anapelekwa mbele ya tume ya afya badala ya jela. Frankfurt hapa Ujerumani ina vyumba ambamo waraibu wanajidunga chini ya uangalizi tangu 1994.

Na nisiseme kwamba bima ya afya kwa wote ndiyo dawa ya kila kitu. Scotland ina NHS, lakini vifo vyake vya dawa za kulevya ndivyo vinavyoongoza Ulaya, hasa katika mitaa ambayo viwanda vilifungwa. Kanada nayo fentanili inaiua. Mahali ambapo kazi imeondoka na haijaja nyingine, dawa hizi hupata njia.

*

*Je, ni kweli Marekani inafunga watu wengi kuliko wenzake?*
*Askari magereza mstaafu*

Kweli, afande. Watu wanaokaribia milioni 1.9 wako jela na mahabusu. Kwa kila watu 100,000 ni zaidi ya 500. Ujerumani hawazidi 80. Vifungo vyao ni virefu mno, na kesi nyingi zinamalizwa kwa mshtakiwa kukubali kosa bila kusikilizwa, kwa kuogopa miaka 20.

*

*Dada, nina mimba ya miezi mitano na mume wangu anafanya kazi Ohio, anataka niende nijifungulie huko. Nasikia hawana likizo ya uzazi. Inawezekanaje?*
*Mama kijacho*

Hongera sana mdogo wangu, Mungu akujalie salama.

Inawezekana kwa sababu sheria ya shirikisho, ya mwaka 1993, inatoa wiki 12 zisizo na malipo, na kwa wafanyakazi wa kampuni zenye watu 50 na kuendelea tu, waliokwisha kufanya kazi mwaka mzima. Kati ya mataifa tajiri ni Marekani pekee isiyo na likizo ya uzazi ya kulipwa kwa nchi nzima. Majimbo machache yamejiwekea yao, California ikiwa ya kwanza. Mwenzetu mmoja pale kazini alirudi zamu siku ya kumi na mbili baada ya kujifungua, anakamua maziwa kwenye stoo ya mashuka. Ujerumani mama analipwa wiki sita kabla na nane baada, halafu wazazi wakigawana wanapata hadi miezi 14 ya kama theluthi mbili ya mshahara. Wasweden wana siku 480 kwa wazazi wawili.

Lakini wewe jambo lako kubwa ni kupona. Mwaka 2022 Marekani walikufa kina mama 22 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Norway na Uholanzi hawafiki watano. Kwa wanawake weusi Marekani walikuwa karibu 50, na elimu au kipato kizuri haviiondoi tofauti hiyo yote. Vifo vingi hutokea baada ya kujifungua, mama akiwa nyumbani. Hapa Ujerumani mkunga anakuja mlangoni kwako siku za mwanzo, anapima presha, anatazama kidonda, na mfuko wa bima unalipa. Kule ukitoka hospitali siku ya pili uko peke yako mpaka miadi ya wiki ya sita. Kwa hiyo ukienda: kama ndugu wa kike anaweza kuwa nawe siku 40 za mwanzo, mlipieni tiketi kabla hamjanunua kitanda cha mtoto. Kichwa kikiuma kisichoacha, macho yakififia, pumzi ikibana au miguu ikivimba ghafla, rudi hospitali na useme kwa sauti, "Nimejifungua juzi." Wakikwambia ni uchovu, usiondoke. Kaa pale.

*

*Bi mkubwa, unaisema Marekani vibaya lakini watu bado wanapanga foleni ya viza. Hao Wajerumani na Wajapani wako ni malaika? Mwaka 2016 uliondoka kwa hasira tu.*
*Asiyekubaliana nawe*

Karibu, na asante kwa kuandika. Sikuondoka kwa hasira. Nilimfuata mume wangu aliyepata kazi ya kiwanda huku, na siku ya kuagana wazee wangu wawili walinishika mikono hadi basi likapiga honi.

Malaika hakuna. Korea Kusini, tajiri na yenye bima kwa kila mtu, inaongoza nchi tajiri kwa watu kujiua, na wazee wake karibu wanne kwa kila kumi ni maskini. Mwaka 2023 uzazi ulishuka hadi wastani wa watoto 0.72 kwa mwanamke, maana vijana wameona maisha ya masomo na kazi yasiyo na pumzi, wakaamua wasimlete mtu mwingine ndani yake. Japani, mwaka 2024 polisi walihesabu watu zaidi ya 76,000 waliokufa peke yao majumbani, robo tatu yao wazee. Nikisoma habari hizo huwa nawaza kazi yangu. Uingereza, orodha ya wanaosubiri matibabu ya NHS ilifika milioni 7.7 Septemba 2023.

Na hii Ujerumani ninayoisifia ilinitia jeraha ambalo Marekani haikunitia. Katika jimbo la Bavaria mtoto anachambuliwa akiwa na miaka kumi, mwisho wa darasa la nne, kwa alama za Kijerumani, hesabu na maarifa ya jamii. Wenye alama nzuri wanakwenda shule ya kuelekea chuo kikuu, wengine wanakwenda za ufundi na kazi. Mwanangu alikuwa na miaka miwili tu ya Kijerumani. Minneapolis mwalimu wake alimwona anapenda hesabu, akamwekea meza pembeni na vitabu vya darasa la mbele yake, akanipigia simu jioni kuniambia nina mtoto wa ajabu. Nürnberg nililetewa karatasi. Nilipouliza kama wanaweza kumpa mwaka mmoja zaidi, mwalimu alinijibu kwa upole kabisa kwamba si kila mtoto lazima asome sana, na mafundi nao wanahitajika. Anajitahidi hadi leo kupanda kwa ngazi za pembeni, na zipo, ila zimejaa vumbi.

Marekani ina mlango wa kuanza upya, na watu wetu wanaupenda kwa haki. Unaweza kuanza chuo cha wilaya ukiwa na miaka 40 na hakuna atakayekucheka. Mgeni anaitwa Mmarekani ndani ya miaka michache, wakati mimi hapa nikifungua mdomo naulizwa natoka wapi. Mlemavu kwenye kiti cha magurudumu anaingia karibu kila jengo, kwa sheria ya 1990. Mishahara yao ni mikubwa kuliko ya huku. Ukiwa mzima, una kazi na hujapata ajali, ni nchi ya kupendeza. Ninachokisema kwenye safu hii ni siku ile unapoanguka: nani anakudaka, na anakudaka ukiwa umefika wapi.

*

*Mama, baada ya yote haya, kuna kitu kimewahi kujaribiwa Marekani kikafanya kazi? Au ndio basi?*
*Mwalimu wa uraia*

Kipo, mwalimu, na nilikishuhudia kwa simu.

Mwaka 2021, kwa sababu ya korona, Bunge la Washington lilibadilisha msamaha wa kodi kwa wenye watoto. Kuanzia Julai familia nyingi zikawa zinaingiziwa pesa benki kwa kawaida tarehe 15 ya kila mwezi, dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka sita na dola 250 kwa mkubwa zaidi, hata kwa mzazi asiye na kipato. Ni kitu ambacho Wajerumani wamekizoea. Hapa kila mtoto ana posho yake ya mwezi, leo euro 250 na ushee, na hakuna anayeiona ajabu. Umaskini wa watoto Marekani ulishuka hadi asilimia 5.2, kwa kipimo cha serikali kinachohesabu na misaada, chini kuliko wakati wowote tangu waanze kupima hivyo.

Rafiki yangu wa insulini alikuwa akilea wajukuu wawili, wa miaka minne na saba. Dola 550 kwa mwezi. Alinipigia Oktoba akanionyesha kwa kamera viatu vya theluji, jozi mbili, vipya, kabla theluji haijaanguka. Alikuwa ameacha zamu ya pili ya Jumapili. Aliniambia amegundua kwamba yule mdogo anapenda kuimba, na kwamba kwa muda wote huo hakuwahi kuwa nyumbani akiwa macho kiasi cha kumsikia.

Seneti ilikuwa imegawanyika 50 kwa 50 na mswada wa kuendeleza malipo ulikosa kura mwezi Desemba. Mwaka 2022 umaskini wa watoto ulirudi asilimia 12.4, zaidi ya mara mbili. Tarehe 15 Januari ilikuwa Jumamosi. Alifungua simu asubuhi kutazama benki, akaifunga, akaifungua tena mchana. Jumapili iliyofuata alirudi kwenye zamu ya pili, na wajukuu wakalala kwa jirani.